Mpwa aje na jembe, si magunia

Mhariri,

Naomba nafasi niseme linalotukera huku Uluguru. Kwa mila ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, hivyo mjomba akifariki, mpwa ana neno. Mila hiyo naiheshimu. Imezuia mashamba mengi yasiuzwe ovyo.

Lakini jirani yangu mjane amepalilia mikarafuu na migomba miaka yote peke yake. Msimu wa kuvuna ulipofika, mpwa wa marehemu akapanda mlima kutoka mjini na magunia matupu. Akaketi kivulini, akaagiza chai, akauliza mbona mikungu ya mwaka huu midogo. Kisha akataka watoto wa marehemu wamshushie mzigo hadi barabarani, na nauli apewe!

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke au mtoto haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Wazee wa ukoo, itisheni kikao kabla ya msimu ujao. Mjane awepo, na aanze kusema yeye.

Msomaji wako,
Kinole, Morogoro