KITIMOTO NA SOSI YA NANASI SIKU YA JUMANNE: KOSA LA HUYU DADA NI LIPI?

Wiki hii mtandaoni hakuna stori nyingine, ni sahani tu. Muigizaji mmoja wa Bongo Movie (jina kapuni, wengi mmeshamjua) kaposti chakula chake cha usiku, Jumanne: vipande vya kitimoto, juu yake sosi ya nanasi, pembeni mchicha, karoti na ndizi za kuchemsha. Basi. Hakuonyesha gari wala mchumba mpya. Lakini alivyoshambuliwa utadhani kaiba sadaka. Kinara wa kumcheka ni mtangazaji mmoja wa redio, naye jina kapuni, aliyejirekodi akisema kitimoto ni ya baa, ni ya Ijumaa, na nyama haiwekwi matunda, eti huo ni uzungu.

Ndugu zangu Waislamu na Wasabato, mada hii haiwahusu, nawaheshimu. Nabishana na wanaokula.

Tuanze na matunda maana hilo ni jepesi. Huyo kaka akiletewa kitimoto chake, kitu cha kwanza anachoshika ni ndimu. Anakamua mpaka mbegu zinaruka. Kwani ndimu ni mboga? Hapo hapo pwani tunapika samaki kwa embe bichi na ukwaju, pilau linatiwa zabibu kavu, na hakuna aliyewahi kupiga kelele. Mdudu ana mafuta mengi, ukali wa tunda unayakata, ndo maana Waingereza wanamla na sosi ya tufaha na Wachina wana yule wao wa tamu-chachu. Huyu dada katumia nanasi linalouzwa kwenye toroli pale kituoni. Uzungu uko wapi?

Ila hii ya "kitimoto ni ya baa" ndo inaniudhi hasa.

Tuambiane ukweli. Mwanaume anatoka kazini Ijumaa, anakaa na washikaji, inaagizwa kilo, ndizi, kachumbari, pilipili, halafu bia zinafuata maana nyama ya chumvi inaita kiu. Anarudi saa tano usiku ananuka kitunguu swaumu. Nyumbani walikula ugali na dagaa saa mbili wakalala. Dagaa si tusi, mimi mwenyewe nawapenda, lakini mke wako naye anapenda kitimoto na mara ya mwisho kukiona ni Krismasi. Pale baa hulipii nyama peke yake. Unalipia mkaa, mchomaji, meza, muziki na maneno ya washikaji. Kilo hiyo hiyo ukiichukua mbichi buchani, ukaikata vipande vyembamba, inapikwa siku mbili kwa watu wanne na mboga pembeni. Hesabu ya darasa la nne hiyo.

Na kuna kitu kingine mnakikwepa. Dada akionekana baa na sahani ya kitimoto mnasema hana adabu. Akipika kwake mnasema anaringa. Sasa ale wapi?

Wengine wanasema siku ya kazi hakuna muda. Jamani, ni kama dakika 45, hata kwa aliyeshuka mwendokasi saa moja usiku. Nusu kilo ya nyama ya paja, chumvi, tangawizi, kitunguu swaumu. Weka kwenye sufuria bila mafuta, itajitoa mafuta yake yenyewe. Ikishika rangi tia maji kidogo, funika dakika 20. Ukifunua, chukua robo ya nanasi lililokatwa vidogo, kitunguu, pilipili mbuzi na kijiko cha maji ya ukwaju, mimina, acha lichemke mpaka liwe rojo. Mchicha na karoti vinaiva wakati huo huo kwenye jiko la pili. Kama una jiko moja, chemsha ndizi mwanzo. Angalizo tu: usilaze nyama kwenye nanasi bichi usiku mzima, kile kimeng'enya chake kinavunja nyama, utaamka na uji.

Tena ukipika mwenyewe unajua imeiva. Baa nyingi wanachoma haraka haraka maana wateja wanapiga meza. Nyama ya nguruwe mwenye vifuko vya tegu ikiliwa haijaiva, tegu anakua tumboni mwako. Mayai yake yanatoka na choo, na yakifika mdomoni kwa mikono michafu, kwako au kwa mwenzio, vifuko vinaweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mbozi na Mbulu hilo wanalijua vizuri. Nunua buchani penye muhuri wa mkaguzi, kata kipande kinene, ndani kusiwe na wekundu. Halafu nawa mikono.

Kisingizio kimoja tu nakikubali. Kama umepanga chumba, jiko liko koridoni na jirani yako ni Muislamu, usimpikie mdudu mlangoni kwake. Hapo ni heshima, na pengine ndo sababu wengi tulizoea kula nje. Lakini yule mtangazaji anaishi nyumba nzima yenye geti, tumeiona kwenye stori zake. Jiko lake lina oveni ambayo bado ina plastiki ya dukani.

Kaka, umemcheka dada wa watu kwa dakika nne nzima na likes umepata. Sasa posti na sisi tuone ya kwako: Ijumaa iliyopita wakati unakamua ndimu na washikaji, sahani ya mama watoto ilikuwa na nini?

Tiririkeni hapo chini, ila matusi nafuta.