Saa iliyo kati ya Magharibi na Isha ni ya nani?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ukimuuliza Mwislamu wa hapa Issuna kwa nini hasomi vitabu, hatakwambia kuwa havipendi. Atakwambia hana nafasi. Mkulima wa alizeti atasema hivyo, mwenye duka la kando ya barabara iendayo Manyoni atasema hivyo, na hata mzee ambaye tangu mavuno yaishe hushinda kivulini akihesabu mabasi yanayopita, naye atasema hana nafasi.

Mtume (s.a.w.), katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas na kutolewa na Imam Bukhari, alizitaja neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, nazo ni afya na nafasi. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa nafasi ni faragh. Kiswahili kimelichukua neno hilo na kulipa maana ya kuwa mahali pa peke yako, faragha. Kwa maoni yangu, msomaji anavihitaji vyote viwili: wakati ulio mtupu, na mahali asipoitwa kila baada ya mstari.

Kosa letu ni kuingoja nafasi ije yenyewe. Hatuiswali Alasiri tukipata nafasi. Alasiri ina wakati wake, nasi huacha jembe au mizani ya duka tukaenda. Kitabu nacho kikiachiwa mabaki ya siku, siku haina mabaki. Lazima kifungwe kwenye jambo lisilohama.

Na sisi tumepewa saa isiyohama. Ndugu zetu waishio London huswali Magharibi mwezi Juni baada ya saa tatu usiku, na mwezi Desemba huiswali kabla ya saa kumi jioni. Ratiba yao huyumba mwaka mzima. Hapa Singida jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka nenda mwaka rudi, tofauti ikiwa nusu saa hivi. Kutoka hapo hadi Isha ni zaidi kidogo ya saa nzima. Ni muda mfupi, lakini hauna shamba wala mnada.

Hebu tupige hesabu. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Mwenye kusoma kurasa mbili kila siku pamoja na tafsiri yake ataumaliza kwa siku 302, na mwaka wa Hijria una siku 354. Kitabu cha kawaida cha kurasa 200, kwa kurasa tano kwa siku, huisha kwa siku arubaini. Kwa kipimo hicho kidogo, mtu asiye na nafasi amemaliza vitabu vinane na zaidi kwa mwaka. Tulifundishwa kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo japo ni kidogo, nasi tumeiweka Hadithi hiyo kwenye sunna na sadaka tu.

Tafsiri yenyewe ambayo wengi tunayo majumbani, Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ni tunda la utaratibu huohuo. Sheikh alizaliwa Zanzibar mwaka 1912, akawa mwalimu wa shule, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuwa mtu aliyekaa bure. Kazi yake ilitoka kwa sehemu sehemu, hata ikakamilika na kuchapwa Nairobi na Islamic Foundation mwaka 1969. Naye Shaaban Robert wa Tanga aliandika vitabu vyake vingi huku akiwa mtumishi katika ofisi za serikali ya kikoloni. Ikiwa wao waliandika wakiwa na kazi za watu, sisi kusoma kunatushinda kwa lipi?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Saa hiyo niliyoisifu, iliyo kati ya Magharibi na Isha, ni ya nani? Wanaume tunabaki msikitini. Tunasikiliza darsa, wengine wanafungua kitabu, wengine (tuseme kweli) wanazungumzia bei ya alizeti. Nyumbani wakati huohuo moto unawashwa, ugali unasongwa, mtoto mchanga analia, na wakubwa wamerudi madrasa na njaa. Baba akitoka Isha hukuta chakula tayari. Chakula hicho kimepikwa kwa saa ambayo yeye ameitumia kujielimisha. Kisha tukae barazani tuseme wanawake wetu hawapendi kusoma! Huko ni kupima kwa vibaba viwili.

Atakuwapo wa kusema: mama asome akimaliza kazi. Kazi ya nyumbani haina kumalizika, na msemaji huyo analijua hilo, kwa kuwa hajawahi kumwona mkewe akiimaliza.

Tazameni lilivyoshughulikiwa jambo hili zamani za Mtume (s.a.w.). Abu Said al-Khudri amepokea kuwa wanawake walimwendea, wakamweleza kwamba wanaume wamewazidi katika kumpata, wakamwomba awawekee siku yao. Akawaahidi siku, akakutana nao, akawafundisha. Imo katika Bukhari. Hawakuambiwa wangoje mpaka waimalize kazi. Walipangiwa wakati wao. Na katika pwani yetu, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake yapata mwaka 1858, naye mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Mama yule alijua kuwa maneno yaliyoandikwa yangemfikia binti yake baada ya yeye kuondoka. Ni mama wangapi wa leo wenye shahada za shule wanaoweza kuwa na uhakika huo?

Kwa hiyo, nyumba inayotaka kusoma ianze kwa kugawa kazi, ndipo ifuate kununua vitabu. Katika mji wetu saa ya mama iliyo rahisi kulindwa ni ile ya baada ya Adhuhuri, jua linapochoma na waliotoka shamba wanapumzika. Siku hizi wanaopumzika ni wanaume na watoto. Mama hupumzika akiwa anaosha sufuria. Kijana wa miaka kumi na mitatu mwenye baiskeli anaweza kabisa kuyaendea madumu ya maji. Baba anaweza kumbeba mtoto kwa nusu saa, wala hatapungukiwa na heshima yoyote, Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani alikuwa katika kuwahudumia watu wake.

Msimu wa kilimo, tangu mvua za Desemba, nusu saa hiyo huwa ngumu, sikatai. Hapo tumwige Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 597 Hijria. Alisumbuliwa na wageni wa porojo, na kuwafukuza hakupenda. Akawa anawawekea akiba kazi zisizohitaji akili, kama kukata karatasi, kuchonga kalamu na kufunga madaftari, akizifanya huku wakiongea, ili saa zake tulivu zibaki za elimu. Sisi tunaweza kuigeuza hila yake. Kazi za mikono zisizotaka akili ni nyingi kwetu: kupukuchua mahindi, kupepeta mtama, kuchambua mboga. Mikono ikifanya kazi, masikio yako huru. Mtoto wa darasa la sita asome kwa sauti, wengine wapukuchue. Atakapokosea matamshi mama atamsahihisha, na wote watakuwa wamesoma.

Kwa kuanzia napendekeza Arubaini ya Imam Nawawi. Hadithi zake ni 42 tu, na nyingi ni fupi. Moja kwa wiki, isomwe, irudiwe, iulizwe maswali, nayo itaisha kabla ya mwaka kwisha. Baada ya hapo watoto wapewe nafasi ya kuchagua, hata wakichagua hadithi za sungura. Mtoto aliyelazimishwa vitabu vya baba yake tu hukiacha kitabu siku anapoota ndevu.

Kuhusu simu, nimeulizwa mara nyingi kama kusoma humo ni kusoma. Kitabu ni kitabu, kiwe cha karatasi au cha kwenye kioo. Shida ni kwamba ndani ya simu kitabu kimepangishwa chumba kimoja na majirani wenye kelele. Anayeweza kuwanyamazisha na asome.

Limebaki la kabati letu. Vitabu vya wakfu vilivyomo msikitini hufunguliwa baada ya Isha, wakati ambao mwanamke hawezi kuvifuata, na katika daftari la kuazima huandikwa jina la mwenye nyumba. Nimeiomba kamati, nayo imekubali, kwamba kuanzia Jumamosi ijayo kabati lifunguliwe pia baada ya Adhuhuri, ufunguo ukiwa kwa ustadhati wa madrasa. Kila mwanamke atakayechukua kitabu ataandikwa kwa jina lake mwenyewe. Muda wa kukaa nacho ni siku arubaini.