Dada, ninyoe?

Jana usiku niko bize na notisi za saikolojia, mdogo wangu kanipigia kutoka Kansay. Wiki ijayo anaanza mafunzo ya uuguzi kwa vitendo. "Dada, ninyoe?" Eti wenzake wamemwambia muuguzi wa kweli hafugi nywele.

Hapo napinga. Sekondari tulinyoa miaka 4, zake zimeota juzi tu! Wodini kinachotakiwa ni nywele safi zisizoanguka usoni. Zikianguka utazirudisha kwa mkono, na mkono huohuo ndio unaenda kwenye kidonda cha mtu. Mwaka 2009 WHO walitoa mwongozo wa nyakati 5 za kunawa mikono. Sasa unawe, halafu ushike nywele, umefanya nini?

Rasta ndefu nazo hapana. Vumbi letu jekundu mnalijua, na maji ya kuziosha nyumbani tunayafuata na punda.

Nimemwambia asuke twende kilioni, nywele zake mwenyewe, abane nyuma. Ila zisikazwe sana, za mbele zitanyonyoka. Wapo wanaouita mtindo wa shida. Waache waseme, yeye anaenda kuhudumia wagonjwa.

Haya, narudi kwenye notisi. Nyie mnasemaje?