Kunguru Alitaka Kutuachanisha
Mwenzenu mwezi huu niliponea chupuchupu. Mume wangu alilibandika gari letu ile plastiki angavu ya kukinga rangi, kwa hela tuliyokuwa tunadunduliza ya sofa (nilinuna, sikatai). Jumapili nakuta hawa kunguru wetu wa Dar wamechafua boneti, uchafu umekauka. Nikasugua na dodoki la vyombo. Mikwaruzo hiyooo!

"Si ungeniita tu, mama?" Basi, kimya siku mbili.

Ya tatu akamwagia maji ya moto kiasi: mikwaruzo midogo ikajifuta, miwili iliyozama ipo mpaka leo. Siku hizi nalowanisha kwanza uchafu ulainike, kisha shampuu ya gari na kitambaa laini. Mpira wa presha nauweka mbali na kingo, usije ukaibandua.

Kunguru naye karudi leo asubuhi.