Goma: Buku za mwalimu wa Katoyi si anasa

GOMA – Mwalimu mmoja wa mtaa wa Katoyi amenunua buku 7 tangu mwezi uliopita. Tatu ni za kamishna Maigret, zilizoandikwa na Mbelgiji Georges Simenon. Mbili ni za Agatha Christie kwa Kifaransa. Moja ni Bandoki, ya Mkongomani Zamenga Batukezanga. Ya saba ni riwaya ya Kiswahili ya Ben Mtobwa, ile yenye mpelelezi Joram Kiango, iliyoletwa na mfanyabiashara kutoka Kigoma. Karibu zote zimekwisha kupita mikono mingi. Sasa rafu yake, iliyotengenezwa kwa mbao za masanduku, ina buku 62.

Si kila mtu mtaani anafurahia jambo hilo. Mama mmoja jirani, ambaye nyumba yake imepokea jamaa mbili za wakimbizi wa ndani, alimwuliza mbele ya watu: "Mwalimu, hizi buku tutazikula?"

Swali hilo ni la haki. Tangu vita vilipoingia mjini Goma mwezi wa kwanza 2025, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na wengi wanaoishi kwa mshahara wamebaki wakihangaika. Mwezi wa pili, kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zikabomolewa. Wengine walirudi vijijini, wengine wakabaki kwa ndugu na marafiki, watu kumi katika chumba kimoja. Katika hali hiyo, mtu anayenunua hadithi za upelelezi anaonekana kama mtu asiyeona njaa.

Lakini mwalimu huyu anaiona. Anaishi kwa pesa ndogo ya masomo ya jioni, na kwake buku huja baada ya unga. Wiki ambayo unga umekosekana, hapiti kabisa njia ya wauzaji wa buku. Na tena, buku hizo hazilali rafuni.

Alifundishwa na Nyiragongo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, nyumba yake ya Mapendo iliungua pamoja na buku zote alizokuwa nazo. Zilizopona ni 4 tu, zile ambazo watu walikuwa wameziazima na kukawia kuzirudisha. Alikuwa amewakasirikia watu hao. Tangu siku ile, ana daftari: jina, buku, tarehe. Zaidi ya 20 kati ya zile 62 ziko nje, katika nyumba za watu. Kwake, kuazimisha ndiyo njia ya kuhifadhi. Katika mji wenye volkeno upande mmoja na bunduki upande mwingine, buku iliyofungiwa kabatini ndiyo iliyo karibu zaidi kupotea.

Kuna wanaosema angenunua basi buku za maana, za hesabu na za sheria, aache hadithi za wauaji. Hapo ndipo wanapokosea. Mtoto hajifunzi kupenda kusoma kwa kulazimishwa kukariri. Anajifunza pale anapotaka kujua nani aliyefanya, na karatasi bado ni nyingi, na taa inakaribia kuzimika. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliijua siri hiyo, na Bwana Msa wake, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, amewafanya watu wengi kuwa wasomaji.

Na liko jambo zito zaidi. Katika hadithi ya upelelezi, mtu mmoja akiuawa, kazi zote husimama. Anatafutwa aliyemwona mwisho, inaulizwa saa, inapimwa nyayo. Hata kama aliyekufa ni maskini asiye na ndugu, Maigret hatalala mpaka ajue. Huku Kivu watu wameuawa njiani, mashambani na kambini, na redio ikatoa hesabu tu. Kijana aliyekulia katika hesabu hizo anaweza kuamini kwamba kifo hakina mwenye kukijibia. Msichana mmoja aliyehama kutoka Masisi, ambaye amesoma buku 9 za rafu hiyo, alimwuliza mwalimu: "Na sisi, nani anatuandikia dosie?" Swali kama hilo halitoki katika kichwa kilicholala.

Kwa hiyo lawama ielekezwe pengine. Ielekezwe kwa wanaouza buku za shule na za marehemu kwa kilo, ili karatasi zake zifungie karanga na sambaza. Njaa inaeleza jambo hilo, lakini haiondoi hasara. Anayehama haraka na hawezi kubeba buku zake, aziache kwa jirani, na jina lake ndani. Anayeuza kwa sababu ya shida, aulize kwanza kama kuna mwalimu karibu. Wafanyabiashara wanaopita Bujumbura na Kigoma waongeze buku mbili tatu za Kiswahili katika mizigo yao, maana watoto wengi waliokatiwa masomo hawana Kifaransa cha kutosha kumfuata Simenon. Na wenye nyumba zilizo na buku zilizojaa vumbi wanunue daftari moja. Maktaba inaweza kuanzia hapo.

Yule mama jirani hajabadili wazo lake kuhusu unga, na hana sababu ya kulibadili. Ila wiki iliyopita alituma mtoto kwa mwalimu kuomba buku "yenye kusomewa wote jioni". Ilikuwa ni ile ya Joram Kiango. Imeandikwa katika daftari, na haijarudi bado.