Badilisha ubongo, acha mkono

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako bei za otopailoti mpya (mitambo inayoshika usukani wa chombo yenyewe) umezieleza vizuri, lakini umeiruka njia tunayoitegemea sisi wenye mashua kuukuu. Mara nyingi kilichopitwa na wakati si mota inayosukuma kana, bali ubongo unaoiongoza. Otopailoti nyingi za zamani husoma dira tu: husubiri chombo kiende upande ndipo zirekebishe. Mawimbi yakija toka tezini huwa zimeshachelewa, na chombo hupepesuka kama mlevi. Ubongo mpya una kihisi chenye jairo kinachopima kasi ya kugeuka, hivyo usukani huanza kupingana na wimbi mapema, omo haijapotea njia.

Mimi nilibakiza mota yangu ya zamani nikaiunganisha na pypilot, programu huria ya Sean D'Epagnier inayotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Programu ni bure. Unanunua kompyuta, kihisi na kidhibiti cha mota. Hakikisha kidhibiti kinahimili ampea za mota yako, na fyuzi usiisahau. Kihisi kikae mbali na injini na spika, la sivyo dira itadanganya.

Ila kabla hujatoa hata senti, shika kana kwa mkono wako. Ikikuvuta sana, huenda tanga ni kubwa mno kwa upepo uliopo, lipunguze. Usukani ukicheza kwenye bawaba, kaza. Nyaya za volti 12 zikiwa nyembamba na ndefu, mota hukosa nguvu. Tafadhali yaongeze haya kwenye makala yako.