Ninga si Mwizi wa Mahindi

Ndugu mkulima, sisi tukaao Mji wa Kale, Mombasa, tumezoea njiwa wa mapaani, na kila ndege afananaye nao twamwita njiwa. Mjini kosa hili si kitu, lakini shambani laweza kuleta hasara.

Mwaka jana mjomba wangu, mkulima wa upande wa Kwale, alikata mkuyu mkubwa kando ya kijito. Ndege walijaa mtini, na miche yake ya mahindi iling'olewa. Nilipomtembelea nikamwuliza, "Mjomba, uliwaona wakishuka?" Akajibu kuwa hakuwaona. Waliokuwa mtini ni ninga.

Yafaa tuwajue ndege wawili wa misitu yetu. Ninga ni wa kijani, ana miguu myekundu, na mapajani ana manyoya ya manjano kama aliyevaa suruali. Chakula chake ni matunda, hasa ya mikuyu. Hupanda matawini kama kasuku, hata huning'inia kichwa chini, na ni nadra kumwona ardhini.

Pugi wa msituni ni mdogo kuliko ninga, na dume lake lina kifua cheupe. Hutembea kivulini akiokota mbegu zilizoanguka, hata za mbarika, pamoja na wadudu wadogo.

Utasema, "Basi mwizi ni pugi." La! Pugi huokota kilicho juu ya ardhi. Hana desturi ya kufukua. Fukia mahindi yako kiasi cha sentimita 5, naye atapita tu.

Juma lililofuata, mkuyu ukiwa umelala chini, miche iling'olewa tena. Safari hii tulimwona mwizi mwenyewe: kunguru.

Maoni yangu ni haya. Kabla ya kushika shoka au manati, mwangalie ndege asubuhi na jioni, ujue anakula nini na anakula wapi. Mizizi ya mkuyu hushika ukingo wa kijito, na mti wa miaka mingi haurudi kwa msimu mmoja. Wazee wa Kimijikenda walitunza misitu ya kaya, na mwaka 2008 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Nasi tusishindwe kutunza mti mmoja.

Mjomba amekwisha chomeka vipande vya matawi ya mkuyu palepale kijitoni. Kimoja kimechipua.